Asumini Haitaki Huruma

Assalamu alaykum, na habari za jioni. Nimeombwa niseme juu ya maua mazuri ya kupanda nyumbani. Mkitaka rangi, bogenvilia ipo, ukuta mzima itaufunika bila ya kuulizwa. Mimi leo nina ua moja tu, dogo, jeupe: asumini.

Jina tumelipata kwa Waajemi kupitia kwa Waarabu. Wataalamu wa mimea huuita mmea huu *Jasminum sambac*. Ufilipino ni ua la taifa tangu 1934. Wachina huyalaza maua yake usiku kucha pamoja na majani ya chai, kwa sababu asumini hufunguka wakati wa magharibi na hapo ndipo harufu inapotoka. Bibi zetu nao walilijua hilo: asumini huchumwa alasiri, ingali tumba. Ukilitunga au ukalitia kwenye kikuba, kile kishada cha manukato, pamoja na rehani na mkadi, litafunguka lenyewe kichwani mwa mvaaji. Ukingoja lifunguke mtini, kesho yake linaanza kugeuka rangi ya zambarau na kuanguka.

Sasa nikwambieni aibu yangu. Wangu niliupanda uani, chini ya mwembe, nikidhani nauepusha na jua kama mtoto. Samadi nikaumwagia kila mwezi. Miaka miwili nilivuna majani, mapana, ya kijani kibichi, ua hata moja hakuna! Akaja shangazi yangu, akautazama, akaomba mkasi. Aliukata mpaka ukafika magotini. Nilinuna, siwafichi.

Alikuwa na haki. Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usipokata, hupati. Jua nalo inalitaka, kwa muda wa saa sita kila siku au zaidi. Joto la kaskazi ndilo linaloupendeza. Na mbolea ikizidi, mti hukimbilia majani. Niliuhamishia kwenye ndoo ya lita 20 niliyoitoboa chini, kwenye baraza linalopigwa na jua la asubuhi hadi adhuhuri. Tumba zilikuja zenyewe.

Mkiona majani yana weusi kama masizi, msiulaumu udongo. Geuzeni jani: kuna vidudu vinavyofyonza utomvu na kudondosha maji matamu, na ule weusi ni ukungu unaoota juu yake. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, ndio wanaokwambia vidudu vipo. Maji ya sabuni, upande wa chini wa jani, jioni. Basi.

Mbegu msitafute. Kata kijiti cha kiasi cha shibiri, chenye vifundo vitatu, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Hapo ndipo kivuli kina kazi. Kikishika mizizi, kitoe juani taratibu.

Vipandikizi vimo ndani ya ndoo ile mlangoni, kimoja kwa kila mtu. Mwenye baraza lisilopata jua anione kwanza.