Jinsi ya kupanga likizo ya familia Shirakawa-go, Japani (anza na pa kulala!)

Haya wapendwa, leo tunapanga safari ya familia kwenda Shirakawa-go, kile kijiji cha milimani mkoa wa Gifu chenye nyumba za mapaa marefu ya nyasi, zile mnazoziona kwenye kalenda, UNESCO waliziweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995. Shika simu au daftari, twende taratibu.

Hatua ya kwanza, na hii ndo mama yao wote, tafuta pa kulala kabla hujagusa tiketi yoyote. Wageni wengi wanafika asubuhi, wanasukumana kwenye njia, wanapiga picha, jioni wanaondoka. Wewe una watoto, hiyo mbio ya nini? Lala hata usiku mmoja pale pale kijijini, panaitwa Ogimachi, kwenye minshuku, yaani nyumba ya familia inayopokea wageni, mnakula wanachopika wenyeji na mnalala chini kwenye magodoro ya kutandika. Vyumba vichache na vinajaa miezi kabla, kwa hiyo tarehe utakayopata chumba ndo itakupangia zingine zote. Ukikosa kabisa wala usinune, lala mji wa Takayama, basi kutoka hapo ni kama dakika 50.

Wakati wa kubuki waandikie umri wa watoto na msichokula. Waislamu mnisikilize hapa, hata kama hakuna nguruwe mezani, mapishi mengi ya Kijapani yanatiwa pombe ya mchele kidogo, so uliza mapema kabisa, nyumba nyingine watakwambia hawawezi na ni afadhali ujue ukiwa bado nyumbani kuliko watoto walale na wali mtupu.

Hatua ya pili, msimu. Theluji ya Januari na Februari ni nzuri kweli, na kuna jioni chache wanawasha taa kijiji kizima ila hizo ni kwa waliobuki tu, usijiendee hivi hivi. Kwa watoto wadogo mimi ningechagua katikati ya Mei, au mwisho wa Oktoba majani yanapogeuka rangi. Kimbia mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, na katikati ya Agosti, hapo Wajapani wenyewe wako likizo na kila kitu kinajaa.

Viza sasa. Pasipoti ya Tanzania au Kenya inahitaji viza, na ubalozi wa Japani unataka ratiba ya siku kwa siku, unalala wapi, unaenda wapi. Umeona kwa nini nimeanza na chumba?

Usafiri. Tokyo mpaka Nagoya kwa shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, ni kama saa moja na dakika 40, halafu unapanda treni ya Hida kwenda Takayama, kama saa mbili na nusu kando ya mto, watoto wakae dirishani. Msishtuke mkianza safari mmekaa kinyumenyume, treni ikifika Gifu inageuza mwelekeo na mnakuwa sawa. Watoto chini ya miaka 6 wanapanda bure wakipakatwa, 6 hadi 11 nusu nauli. Ile pasi ya treni ya watalii ya siku 7 (Japan Rail Pass) ilipanda Oktoba 2023 ikafika yeni 50,000 kwa mtu mzima, so piga hesabu ya tiketi moja moja kwanza, kwa njia hii peke yake hailipi. Mabegi makubwa yaacheni Takayama au mtume kwa huduma ya kusafirisha mizigo, waulizeni mapokezi hotelini.

Kutoka Takayama mnapanda lile basi la dakika 50. Mkifika kijijini, ingieni nyumba kongwe ya familia ya Wada, pandeni mpaka darini walikokuwa wanafuga viwavi wa hariri, ndo mtaelewa kwa nini paa ni refu vile, siyo theluji tu. Halafu pandeni kilimani Shiroyama kwa ile picha ya kijiji kizima. Nyasi zinawaka haraka, kwa hiyo sigara ni sehemu maalum tu na fataki hakuna. Nyumba nyingi zina watu wanaishi, usichungulie madirishani jamani. Na minshuku wafikeni mapema, chakula cha jioni huwa kama saa kumi na mbili na hawakusubiri. Viatu mlangoni, ndala zinaishia kwenye mkeka, chooni kuna ndala zake, na mtoto wa miaka miwili mkalishe mbali na ile milango ya karatasi maana kidole kimoja tu kinapita upande wa pili.

Bebeni keshi, kijijini siyo kila mahali wanapokea kadi. Na msirudi njia ileile, kuna basi la Kanazawa kama saa moja na robo, na lenyewe linabukiwa, so libuki siku ileile unayobuki la kuja.