Mbuzi anayeburuza miguu na kifuko kwenye uti wa mgongo (mhadhara kwa wafugaji, Tabora)

Wazee wangu, kina mama, mwangaluka! Nianze na mbuzi mmoja wa hapa Uyui, aliyumba miguu ya nyuma wiki mbili tatu mpaka akawa anaburuza kabisa, mwenyewe akasema jirani kamroga, mi nikamwambia tumchinje tupasue uti wa mgongo tuone. Tukakuta kifuko cha maji, laini kama puto, ndani vidoti vyeupe vimejaa, kila kidoti ni kichwa cha mnyoo. Kifuko kimebana uti, miguu itapataje nguvu? Jirani wa watu hana kosa lolote jamani.

Chanzo ni mbwa. Tukichinja tunamrushia kichwa, akila ubongo wenye vifuko anapata tegu, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi anayala na majani. Mengi yanaishia kwenye ubongo, ndo ule ugonjwa mbuzi anazunguka zunguka pale pale, mgongoni ni mara chache.

Sisi binadamu anatusumbua zaidi tegu mwingine wa mbwa, wa milimita chache tu. Ukimeza mayai yake, vifuko vinaota kwenye ini au mapafu, kwenye mifupa ni nadra, ila vikifika huko uti wa mgongo ndo unaumia zaidi, na vinakua polepole miaka na miaka, mtu anaanza na mgongo, ganzi, mwisho mkojo unagoma. Inafanana sana na TB ya mgongo, ndo maana usikubali kubahatisha, omba picha.

Kuna na uvimbe usio na mnyoo. Kodoma, aina moja ya saratani ya mgongo, inampata kama mtu mmoja kwa milioni kwa mwaka, inatokana na mabaki ya ule uzi ambao uti wa mgongo ulijengekea tumboni mwa mama. Mbwa wenye umri mdogo nao wanaota uvimbe wa chembe za figo zilizobaki mgongoni tangu hawajazaliwa, mi hilo linanishangaza mpaka leo.

Naomba sana, mtu akianza ganzi miguuni msimzungushe kwa waganga miezi mitatu, uti ukibanwa muda mrefu hata akifanyiwa upasuaji miguu inaweza isirudi. Vichwa na maini yenye vifuko fukieni chini sana au chomeni. Na mbwa waleteni kesho asubuhi pale joshoni, wote, hata wa kuzurura, dawa ya tegu, prazikwanteli, ninayo.