Punda wa Lindos

ATHUMANI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Dada Mwanaisha, tulipanga leo tuzungumzie mambo matatu ya kuzingatia unapotembelea visiwa vya Ugiriki wakati wa joto, lakini sina budi kuanza na Jumanne iliyopita, siku ambayo mimi na mama tulikuwa Lindos, katika kisiwa cha Rhodes.

MWANAISHA: Mama hajambo lakini?

ATHUMANI: Hajambo, alhamdulillahi. Basi la asubuhi lilituacha, tukafika saa tano, wakati wenyeji wamekwisha kufunga madirisha. Ngome ya kale iko juu ya mwamba, mita 116 kutoka usawa wa bahari, na kijiji chote chini yake kimepakwa chokaa nyeupe inayokurudishia jua usoni. Ule upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, unaopoza joto la visiwa vya huko wakati wa kiangazi, siku hiyo haukuvuma hata kidogo. Magoti ya mama unayajua. Sasa pale uwanjani, mwanzo wa njia, wapo punda wa kukodisha.

MWANAISHA: Kaka Athumani, usiniambie ulimpandisha mama juu ya punda saa sita mchana.

ATHUMANI: Nilimpandisha, na mimi nikatembea ubavuni mwake nimeshika matandiko. Mwenye punda alimlowesha mnyama wake paji la uso kwa kitambaa cha maji kabla ya kuondoka.

MWANAISHA: Na njia yenyewe ni ya namna gani?

ATHUMANI: Ni ya mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watu hadi yakawa kama sahani. Mahali pamoja kwato la mbele liliteleza, punda akasimama, na nikaliona goti lake likitetemeka kabla hajapiga hatua nyingine.

MWANAISHA: Hapo ndipo ungemteremsha mama. Mimi nimezaliwa Lamu, nyumbani kwetu punda walilala uani, na marehemu babu hakuruhusu punda atoke na mzigo jua likiwa utosini. Mzigo ulibebwa alfajiri, au ulisubiri alasiri.

ATHUMANI: Lakini dada, punda hao hao wa Lamu hubeba mawe ya matumbawe na mifuko ya saruji. Mama ana kilo 62. Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki iliweka kanuni kwamba punda asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake mwenyewe.

MWANAISHA: Kanuni hiyo imepima uzito tu, haikupima jua. Halafu hukuipigia hesabu hiyo sehemu ya tano, kwani punda mwenye kilo 200 haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 40. Yule wa mama alikuwa na kilo ngapi?

ATHUMANI: Hilo siwezi kukujibu. Ninachoweza kukueleza ni kile alichokiona mama. Punda huishia karibu na lango. Kutoka hapo alipanda ngazi taratibu akinishika mkono, mpaka tukafika chini ya ile ngazi kubwa, ambako merikebu ya kivita imechongwa kwenye mwamba wenyewe tangu karne ya 2 kabla ya Kristo. Mama ni binti wa nahodha, nawe unamfahamu. Aliitazama kitambo, akaufuatisha ule mkunjo kwa kidole hewani bila kuligusa jiwe, akasema, "Hii ni tezi. Omo hawakuichonga." Na kweli, kilichochongwa ni tezi peke yake, yaani upande wa nyuma wa chombo, bila omo, upande wa mbele. Bila punda asingefika pale.

MWANAISHA: Angefika mkienda saa mbili asubuhi, au mkitumia usiku mmoja kijijini.

ATHUMANI: Tulikuwa na siku hiyo moja tu, dada. Na mwenye punda naye ana watoto wa kulisha, kama babu yako alivyokuwa nao.

MWANAISHA: Babu alikuwa nao, na bado alisubiri alasiri. Sikubaliani nawe, kaka, na sitasema nakubali ili kipindi kiende vizuri.

ATHUMANI: Wala mimi sitasema nilikosea. Nimeulizwa na mama mwenye magoti mabovu kama ataiona ngome au ataisikia tu, nami nikamjibu kwa njia iliyokuwepo.

MWANAISHA: Fundi mitambo anatuonyesha dakika mbili. Yale mambo matatu hatujayagusa: saa za kutembea, maji, na tahadhari ya moto wa misitu, ambao Julai 2023 uliwahamisha watu wapatao 19,000 hapo hapo Rhodes.

ATHUMANI: Hayatatosha leo. Tuyaache.

MWANAISHA: Basi nijibu moja. Mlipokuwa mkiteremka, yule punda alikuwa amesimama kivulini, tena amepewa maji?

ATHUMANI: Tuliteremka kwa miguu, polepole, kupitia upande mwingine. Sikumwona tena.