Kufunga Matairi Makubwa kwenye Pikapu Iliyoinuliwa

Karibuni. Pikapu hii hapa nyuma yangu imeinuliwa sentimita 5, lakini bado inatembea na matairi yake ya zamani. Leo tunayatoa na kufunga makubwa zaidi, ya matope na mawe.

Kabla sijashika spana tuelewane jambo moja, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu gari. Ukiinua gari kwa springi, uwazi unaouona juu ya tairi ni wa gari lililosimama. Ukitumbukia kwenye shimo, springi inabanwa, gurudumu linapanda, na linafika palepale lilipokuwa likifika kabla gari halijainuliwa, isipokuwa kama raba za kizuizi, zile zinazozuia gurudumu lisipande kupita kiasi, nazo zimeongezwa urefu. Kwa hiyo nafasi ya tairi hupimwa springi ikiwa imebanwa. Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Gari langu la kwanza nililipima uani, likazunguka vizuri kabisa, nikaondoka nimeridhika. Korongo la kwanza tu, tairi likaivuta plastiki ya ndani ya madigadi na kuing'oa.

Tuanze na namba za ubavuni. Tairi la zamani limeandikwa 265/70R17. Upana ni milimita 265, urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Ukipiga hesabu, kipenyo kinatoka milimita 803 hivi. Jipya ni 285/70R17, kipenyo chake kama milimita 831. Tumeongeza 28, lakini gari litapanda 14 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Hiyo nusu ya juu ndiyo inayokula nafasi yako ya madigadi. Spidomita nayo itadanganya: ikisoma 100, wewe unakwenda karibu 103 na nusu.

Rimu nabaki na zilezile, na nakushauri ufanye hivyo kama upana wake unalikubali tairi. Hili la 285 linataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Rimu zinazotokeza nje zinapendeza, sikatai, lakini ukikata kona tairi linachora duara kubwa zaidi, linakwenda kugonga bampa mbele, na nyuma linagonga pale kabini inapokalia chasisi. Angalia pia namba ya uwezo wa kubeba mzigo isiwe chini ya ile ya tairi la awali. Kuvalisha tairi kwenye rimu na kufanya balansi nimemwachia fundi mwenye mashine.

Sasa kazi. Gari liko kwenye sakafu ngumu, iliyo sawa, breki ya mkono imevutwa, na magurudumu ya upande wa pili yamewekewa vigingi. Nalegeza nati kidogo gari likiwa bado chini, kisha napandisha jeki. Gari lililoinuliwa linahitaji jeki ndefu. Ikiwa yako haifiki, weka gogo pana na imara chini ya jeki, usiweke juu yake. Halafu stendi chini ya chasisi. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde moja. Hapo sina mzaha.

Gurudumu limetoka. Nachukua brashi ya waya nasugua uso wa habu, pale rimu inapokalia, mpaka kutu iishe, kwa sababu kutu ikibaki katikati, nati zitalegea baadaye. Boliti sizipaki mafuta. Zikiteleza, utakaza kupita kiasi bila kujua.

Nafunga gurudumu moja tu kwanza, la mbele. Gurudumu likiwa linaning'inia, mwenzangu anazungusha usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia. Mimi naangalia bomba la breki na waya wa kihisi: visivutike, visiguse tairi. Naangalia na huku ndani, kati ya tairi na mkono wa juu wa sasipensheni. Hapa kidole changu kinapita vizuri. Kisingepita, ningesimamisha kazi.

Haya mengine matatu nayafunga vilevile. Nati naziingiza kwa mkono kwanza, nakaza kidogo kwa kuvuka, yaani ya huku kisha ya ng'ambo yake, ili rimu ikae sawa. Gari likishuka chini ndipo namalizia kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kukanyaga spana kwa mguu si kipimo.

Sasa jaribio lenyewe. Gurudumu la mbele kushoto nalipandisha kwenye ngazi ya chuma ya kupandishia gari, na la nyuma kulia kwenye nyingine. Pembe hizo mbili zinabanwa. Naendesha polepole sana, usukani umekatwa mpaka mwisho, mwenzangu amesimama mbali kidogo akisikiliza. Umesikia huo mkwaruzo? Ni plastiki, nyuma ya gurudumu, sehemu ya chini. Naipasha kwa kipulizo cha hewa ya moto, naisukuma ndani, naishika hivyo mpaka ipoe. Ingekuwa ni chuma kinachoguswa, kwanza ningemwomba fundi wa alaimenti, yaani wa kupanga pembe za magurudumu, asogeze gurudumu mbele kidogo, au ningeongeza urefu wa raba za kizuizi. Kukata chuma kunakuja mwisho kabisa, na ukikata, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kisha rudia jaribio kwa pembe nyingine mbili.

Upepo je? Kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kwa tairi la awali. Anza na kipimo hicho, kisha chora mstari wa chaki kukatiza uso wa tairi na uendeshe mita kadhaa kwenye lami iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua.

Alaimenti fanya hata kama usukani unaonekana umenyooka. Siku za mwanzo acha nafasi kubwa barabarani, kwa sababu tairi hizi ni nzito na gari litachelewa kusimama. Spea nayo iwe ya saizi hii. Ukichanganya vipenyo huku umeingiza gari kwenye magurudumu manne, difu na gia ndizo zitakazoumia.

Ukishatembea kilomita 80 hadi 100, simama, toa ile spana ya kupimia, na uzikaze nati zote upya.