Katikkiro na Fimbo ya Kuazimwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Tangazo lilisema nitazungumzia cheo cha Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda huko Uganda. Ni kweli, lakini naomba mniruhusu nianze na fimbo.

Fimbo hiyo ni ya mti, na jina lake ni Ddamula. Lisikilizeni jina hilo vizuri. Ndani yake kuna kitenzi cha Kiganda, kulamula, maana yake kuhukumu, kutawala, kusuluhisha. Huyo ni ndugu wa damu wa neno letu kuamua. Sisi tuliidondosha ile "l" njiani, Waganda wakabaki nayo. Tukisema mzee fulani kawaamulia vijana waliokuwa wakipigana, tumelisema neno la Ddamula bila kujua. Kwa hiyo anayekabidhiwa fimbo hii amekabidhiwa kazi ya kuamua, na kazi nyingine zote za cheo chake zimeota kwenye shina hilo.

Katikkiro ana jina lake la sifa pia: Kamalabyonna. Mala ni kumaliza, byonna ni vyote. Mmaliza yote. Shauri lililowashinda machifu wa chini lilipanda hadi kwake, na akishalikata, aliyebaki juu yake ni Kabaka peke yake. Mwingereza Speke alipofika katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862 alilisikia jina hilo, akaliandika "Kamraviona", akawaeleza wasomaji wake kwamba ni mkuu wa majeshi. Masikio ya mgeni. Simlaumu sana, maana aliona mtu anayeogopwa na kila mmoja uani, akadhani lazima awe jemadari.

Sasa, nani anaweza kupewa fimbo hii? Hapa ndipo penye utamu. Cheo hiki hakirithiwi. Mtu wa ukoo wowote wa Buganda aweza kukipata, lakini wana wa wafalme hawapewi. Na sababu haihitaji mwanafalsafa: mwana wa mfalme mwenye fimbo ya kuamulia nchi nzima ataanza kukitazama na kiti chenyewe. Mtu wa kawaida hawezi kukidai kiti hicho. Waganda humwita mtu wa kawaida mukopi. Naona wengine mmetabasamu. La, si mkopaji, ingawa leo utani huo unanifaa, kwa sababu Katikkiro kweli ameazimwa. Mamlaka yote aliyonayo ni ya Kabaka, na Kabaka akiyataka huyachukua.

Simulizi za kale hazifichi hatari ya kukaa karibu hivyo na mfalme. Inasimuliwa kwamba Kintu, mfalme wa kwanza, alikuwa na Katikkiro wake aitwaye Kisolo, wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji. Wakagombana, Kintu akamchoma mkuki akafa, kisha mfalme mwenyewe akatoweka kwa majuto, huko Magonga. Hii ni hadithi ya asili, msiniulize tarehe. Ila nimekuwa nikijiuliza ni taifa gani jingine linaloanza historia yake kwa mfalme kumuua waziri wake na yeye mwenyewe asiweze kubaki baada ya hapo.

Kutoka simulizi tuingie kwenye mambo yenye miaka. Kabaka Suuna alipofariki mwaka 1856, Katikkiro wake Kayiira ndiye aliyehakikisha kiti kinamwendea kijana Mutesa, mbele ya ndugu zake wengine. Yaani aliyeazimwa fimbo na mfalme mmoja ndiye aliyesaidia kumweka mfalme wa pili. Miaka 30 hivi baadaye, chini ya Kabaka Mwanga, Katikkiro Mukasa alikuwa na mkono katika hukumu za Wakristo waliouawa mwaka 1885 na 1886. Miongoni mwa vijana wa ndani waliopigwa na Mwanga siku zile wakapona alikuwamo mmoja aitwaye Apolo Kagwa. Ikaja vita ya dini, fimbo ikapita mikono kadhaa upesi upesi, na mwaka 1889 ikamfikia kijana huyo huyo aliyenusurika.

Kagwa akaishika miaka 37. Hapo ndipo cheo kilipovimba kuliko wakati wowote. Mwanga alipoondolewa mwaka 1897, mtoto wake Daudi Chwa aliwekwa kitini akiwa na umri wa mwaka 1 tu, na Kagwa akawa mmoja wa walezi 3 wa ufalme, pamoja na Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri, mpaka mfalme alipofikia utu uzima mwaka 1914. Fikirini hali hiyo: mwenye fimbo yupo, mwenye kumwazima bado anafundishwa kutembea. Walezi hao ndio waliotia saini Mkataba wa Buganda wa Machi 1900, uliogawa ardhi kwa maili za mraba. Neno mailo, ambalo hadi leo hupeleka watu mahakamani Uganda, lilizaliwa hapo.

Mkataba huo ulifanya jambo jingine ambalo wengi hulipita. Uliweka mawaziri 3: Katikkiro, Omuwanika wa hazina, na Omulamuzi wa sheria. Omulamuzi! Kitenzi kile kile. Kwenye karatasi ya Mwingereza, kuamua kukahamishiwa ofisi nyingine. Lakini Ddamula haikuhama, ilibaki kwa Katikkiro.

Mwaka 1902 Kagwa alipitia Mombasa kwenda London kushuhudia kutawazwa kwa Edward wa Saba, akiwa na karani wake Ham Mukasa, ambaye baadaye aliiandika safari hiyo. Walikuta sherehe imeahirishwa, mfalme anapasuliwa tumbo, ikabidi kusubiri hadi Agosti. Mwaka 1905 Kagwa akapewa heshima ya kuitwa Sir. Na kilichomwangusha mwaka 1926? Mvutano na ofisa wa Kiingereza uliowaka juu ya vibali vya pombe. Mtu aliyelea ufalme mzima akajiuzulu, na mwaka uliofuata akafariki.

Martin Luther Nsibirwa aliishika fimbo hiyo mara 2, na mara zote 2 ikamchoma. Mwaka 1941 alilazimika kuiacha kwa sababu ya ghadhabu ya watu juu ya ndoa ya pili ya mama wa Kabaka, jambo ambalo mila haikuliruhusu na yeye alionekana kulikubali. Mwaka 1945 akarudishwa. Lukiiko, baraza la Buganda, likapitisha sheria ya kuruhusu ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, na kila mtu alijua chuo cha Makerere kinahitaji nafasi ya kupanuka. Siku iliyofuata, tarehe 5 Septemba, Nsibirwa alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe.

Mwaka 1955 Lukiiko ikaanza kumchagua Katikkiro kwa kura, na Michael Kintu akawa wa kwanza. Haikudumu. Mei 1966 jeshi la Obote lilivamia Lubiri, jumba la Kabaka, Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata katiba ikafuta falme. Katikkiro wa wakati huo alikuwa Mayanja Nkangi. Kwa zaidi ya robo karne fimbo haikuwa na wa kuamuliwa. Ufalme uliporejeshwa mwaka 1993, Nkangi alikuwa bado hai, na baada yake fimbo ikaenda kwa Joseph Mulwanyamuli Ssemogerere.

Leo Katikkiro hana askari wala kodi. Katiba ya Uganda inaruhusu wafalme wa jadi, ila inawazuia kushiriki siasa za vyama. Charles Peter Mayiga, mwanasheria, aliyepewa cheo mwaka 2013, alizunguka wilaya kwa wilaya na kampeni aliyoiita Ettoffaali, yaani tofali, akiomba michango, miongoni mwa mambo mengine kwa ajili ya makaburi ya wafalme ya Kasubi yaliyoungua Machi 2010. Watu walipanga foleni kutoa, wala hakuna sheria iliyowalazimisha.

Na siku ya kukabidhiwa je? Kabaka huitoa Ddamula kwa mkono wake, na kumwagiza akaiamulie Buganda. Mpokeaji huiinua na kuapa utii mbele yake. Kisha hufanya jambo ambalo kwa mtu mzima aliyevaa kanzu na koti si dogo: hutimua mbio. Hukimbia mpaka Butikkiro, nyumba rasmi ya cheo hicho huko Mengo, watu wa ukoo wake wakiwa wamemzingira. Mila husema kwamba njiani mtu mwingine anaweza kumpokonya fimbo. Mpaka avuke kizingiti cha Butikkiro nayo mkononi.