Shuka Kwanza: Mazungumzo na Waendesha Baiskeli wa Busia Kuhusu Mbwa

Mwenyekiti wa steji, wazee wangu, akina mama mlioacha vikapu nje, vijana, na ndugu zangu wa baiskeli za matairi matatu za kuendesha kwa mikono mliokaa mbele, hamjambo?

Nilipoambiwa nije kuzungumza juu ya mbwa, nilicheka. Hapa mpakani mwa Uganda na Kenya mtu akiitwa kusema mbele ya watu huwa ni habari za ushuru au za mikopo. Lakini aliyeniita alikunja suruali akanionyesha mguu wake, kicheko kikaisha.

Wengi mnanijua. Kwa miaka kumi na miwili nilibeba samaki kwa baiskeli kutoka Majanji, kule ziwani, hadi hapa mjini. Baadaye nikawa mshika mbwa: daktari wa mifugo akienda kuchanja vijijini, mimi namshika mbwa kichwa, yeye anadunga. Kwa hiyo mbwa nimewaona pande zote mbili, wakinifukuza na wakinikimbia. Na nililokuja kulisema ni dogo, wala hamtalipenda: mbwa akikujia, shuka kwenye baiskeli.

Naam, najua. Naona vichwa vinatikiswa huko nyuma. Kila kijana hapa anaamini dawa ya mbwa ni kukanyaga pedali. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka asubuhi moja nikitoka ziwani, kiza bado hakijaisha vizuri, kikapu cha samaki kwenye keria kinanuka kilomita nzima. Mbwa akatoka kwenye boma upande wa kushoto. Mbele yangu kuna mteremko, nikajisemea leo ataona vumbi langu. Nikakanyaga. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: mbwa hakufuata mguu wangu, alikata kona akaingia mbele ya gurudumu. Nilipaa. Nilivunjika mtulinga, usukani ukapinda, samaki wakatapakaa barabarani. Mbwa mwenyewe hakuniuma hata kidogo. Alichukua sato mmoja mkubwa, akarudi kwao.

(Kicheko.)

Chekeni, lakini fikirini. Ningesimama ningepoteza nini? Dakika tano. Na kama wakati ule lingekuwa linakuja lori la mizigo, la yale yanayopanga foleni hapa kusubiri karatasi, leo nisingekuwa nimesimama hapa. Barabarani meno ya mbwa si hatari kubwa. Hatari ni kuyumba, na hatari ni kuanguka mbele ya gari.

Sasa kwa nini mbwa afukuze baiskeli, na mtu anayetembea amwache apite? Mbwa ana mambo mawili kichwani. La kwanza ni boma lake. Anajua linaanzia wapi na linaishia wapi, na mara nyingi mpaka anaoujua yeye unavuka barabara. Ukipita kwa miguu anakusoma: huyu ni mtu, anakwenda polepole, ana harufu ya jirani. La pili ni mbio. Kitu kinachokimbia kinamwamsha, kwa sababu babu zake waliishi kwa kufukuza vitu vinavyokimbia. Baiskeli ni mnyama wa ajabu machoni pake: haina kichwa, ina miguu miwili inayozunguka bila kugusa ardhi, inatoa mlio wa cheni, na inakimbia. Kibaya zaidi, kila siku inakimbia yeye anashinda. Anabweka, wewe unapotea, naye anarudi nyumbani akijua kazi yake ameifanya vema. Sisi ndio tumemfundisha mchezo huu.

Ukishuka, mnyama yule wa ajabu amekufa. Anabaki mtu mwenye sauti na mikono. Nimeona mbwa akija kwa kasi yote, mtu akashuka, mbwa akafunga breki mpaka makucha yakakwaruza lami, akasimama pale amechanganyikiwa.

Namna ya kushuka ndiyo yenyewe. Punguza mwendo kwanza, usifunge breki ghafla, maana wa nyuma yako hajui una mbwa. Shukia upande ambao mbwa hayupo, ili baiskeli ibaki katikati yenu. Fremu ile ya Roadmaster ni ukuta. Akizunguka, nawe zungusha ukuta wako, taratibu. Usimkazie macho, kwa mbwa, hayo ni matusi. Sema naye kwa sauti nzito ya mzee mwenye nyumba, usipige kelele za woga. Lugha yoyote. Hapa kwetu wapo wanaosikia Kisamia, wapo wanaosikia Kiganda, na "toka!" ya Kiswahili wanaielewa pande zote mbili za mpaka bila kitambulisho. Kisha sukuma baiskeli ukitembea, usimpe mgongo, mpaka umalize boma lake. Baada ya hapo yeye mwenyewe atachoka nawe. Halafu panda.

Kama unajua jina lake, liite. Na nusu ya mbwa wa wilaya hii wanaitwa Simba, kwa hiyo jaribu bahati yako.

Habari ya jiwe. Mbwa wa kijijini ukiinama tu kama unayeokota jiwe, anarudi hatua tatu kabla mkono haujafika chini. Alilijua jiwe tangu mtoto. Inama, naam. Lakini usitupe isipokuwa umebanwa kabisa. Mbwa aliyepigwa na mtu wa baiskeli leo, kesho atamdai mtu mwingine wa baiskeli, na huenda ni mama mwenye mtoto mgongoni. Vivyo hivyo msimpige teke mkiwa juu ya baiskeli. Unaondoa mguu kwenye pedali, uzito unahama, na unampelekea mguu mdomoni. Pampu ya baiskeli ndiyo fimbo nzuri, imo tayari kwenye fremu. Inyooshe kati yako naye. Akitaka kuuma, aume pampu. Na mwenye chupa ya maji, maji yakimpiga usoni humshangaza, nawe unapata muda wa kushuka.

Mnaobeba abiria, sikilizeni. Akina mama wengi hukaa upande, miguu yote miwili inaning'inia pembeni. Mbwa akija upande huo, mguu wa kwanza kufika ni wa abiria, wala si wako. Naye akiinyanyua miguu kwa ghafla, mnaanguka wote. Mwambie kabla ya safari, msiyaanze mazungumzo hayo mbwa akiwa ameshafika: "Mama, mbwa akitokea nitasimama, nawe utashuka nyuma yangu." Wazee waliowahi kuvusha watu hapa tangu miaka ya 1960, wakiita "boda, boda" kati ya geti moja na jingine, abiria wao walishuka na kupanda mara ngapi kwa siku? Kushuka si aibu. Kazi hii ilizaliwa kwa kushuka na kupanda.

Mwenye gunia za makaa, najua kushuka kwako ni kazi nyingine. Wewe mara nyingi unasukuma tayari. Mzigo wako ni ukuta mpana kuliko wa mtu yeyote; simama, uegemeze, ukae nyuma yake.

Na mbwa wa kuogopwa siye yule anayepiga kelele getini. Huyo anatangaza. Kimya kingi kina mshindo: anayekuja kichwa kimeshuka, mkia umekauka, hana sauti, huyo amekwisha kuamua. Jike mwenye watoto naye ni wa kuogopwa. Na wakiwa kundi nyuma ya jike mwenye joto, geuza njia, usijadiliane nao.

Ukiangushwa, jikunje kama mtoto aliyelala, funga ngumi, mikono ifunike shingo na masikio, nyamaza. Ni vigumu. Lakini kutupa mikono na miguu ni kuendelea kukimbia ukiwa chini.

Sasa niwageukie hawa ndugu zangu wa mbele. Nimesema "shuka" mara kumi, nao wananitazama tu. Mtu anayeendesha kwa mikono, na kiti chake kiko chini, mbwa anamfikia usoni. Hawezi kushuka. Sitawadanganya kwamba nina jibu kamili. Ninachokijua: kusimama bado ni bora kuliko kukimbia. Geuza gurudumu la mbele limwelekee mbwa, mtambo wa mikono uwe kati yenu, na toa mikono kwenye vishikio, kwa sababu viko sawasawa na mdomo wake. Fimbo ifungwe mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Mwenye msukumaji, msukumaji aje mbele. Asijifiche nyuma ya mizigo kama nilivyowahi kuona. Na asubuhi mapema, mbwa wa usiku hawajafungwa bado, tembeeni wawili wawili. Lakini kusema kweli mzigo huu si wenu. Mwenye mbwa anayejua kwamba barabara yake ndiyo njia yenu ya kwenda mpakani, na bado anamwachia mbwa mchana, huyo ndiye tungemwita kwenye mkutano huu. Hili ni jambo la kufikishwa LC1, baraza la kijiji.

Nije kwenye kuumwa. Hapa sitanii tena.

Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate. Mbwa akikuuma, hata akikukwaruza, au akakulamba penye kidonda, virusi vinaweza kuingia. Kisha havikimbilii kwenye damu. Vinafuata mishipa ya fahamu, polepole, vikipanda kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache, mara chache mwaka. Vikifika, mgonjwa anaogopa maji, koo linakaza, na hapo karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa.

Lakini sikilizeni jambo hili ninalolipenda. Kichaa kinasafiri kama baiskeli yenye gunia mbili, kinapanda mlima. Chanjo ni pikipiki. Hata ikianza safari baadaye, inaweza kukipita njiani. Ndiyo maana ugonjwa huu unachanjwa hata baada ya kuumwa. Mwaka 1885 kule Paris, Louis Pasteur alimdunga mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa siku mbili kabla, na mtoto akaishi. Sasa pimeni wenyewe: kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi ubongoni ni safari ndefu. Kutoka mkononi ni fupi. Kutoka usoni ni hapa na hapa. Ndugu zangu wa matairi matatu, nyinyi mkiumwa, pikipiki iondoke siku hiyohiyo.

Na kabla ya pikipiki kuna sabuni. Virusi hivi vina ganda la mafuta, na sabuni inajua kazi yake kwa mafuta. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Nasema 15. Chukua simu, uiangalie saa. Utaona zilivyo ndefu, utataka kuacha dakika ya tatu. Usiache. Kipande cha sabuni ya kufulia kiwe kwenye mfuko wako wa spana, hakina uzito. Pilipili, majivu, mafuta ya taa, mawe meusi, hivyo weka pembeni. Halafu kituo cha afya. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, usije ukazunguka vituo vitatu jua likikuwakia. Sindano ni za siku kadhaa, utapangiwa, na usiziache katikati kwa kuwa kidonda kimefunga. Mama mjamzito naye anadungwa, haimdhuru mtoto.

Mbwa je? Vijana, najua mnavyofanya: mnakusanyika na marungu. Msimuue. Afungwe, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mhudumu wa afya anaweza kukwambia sindano zilizobaki hazina haja. Ukimuua umejinyima habari hiyo. Lakini wewe usizingoje siku 10 ndipo uanze. Anza, huku mbwa anatazamwa.

Maswali? Naam, mzee.

Anauliza: mbwa akiwa na mwenyewe, na mwenyewe anasema amechanjwa, tumwamini? Mzee, mimi nimeshika mbwa wengi, na kila mwenye mbwa husema amechanjwa. Omba kadi. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita kijijini. Wakiwa 30, kinapita kama kawaida.

Na kwa kuwa tumefika hapo: wote mnaotoka hapa jioni hupita geti lile la bluu, mbele kidogo ya steji. Mbwa wa pale anaitwa Simba, kama nilivyosema. Nimeshuka kwa ajili yake leo asubuhi nikija huku. Mwenyekiti, geti ni lako. Kadi yake iko wapi?