Hesabu pumzi kabla ya kununua dawa

MWANAISHA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Leo tunarekodi nyumbani kwangu hapa Malindi, maana mwanangu ana mafua na moyo umekataa kumwacha. Amelala hapa kando. Kaka Athmani, karibu.

ATHMANI: Ahsante, dada. Na mafua ya mtoto ndiyo mazungumzo yenyewe.

MWANAISHA: Basi nianze na lililonipata. Kaskazi iliyopita, huyuhuyu alikuwa na miezi mitatu, kikohozi kikamshika. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa antibiotiki ya maji. Hakuna aliyemfunua nguo akatazama kifua. Siku ya tatu mtoto anashindwa kunyonya. Tukalazwa siku nne, na oksijeni puani. Zile siku mbili nilizokaa nyumbani nangoja dawa ifanye kazi, bado zinaniuma.

ATHMANI: Pole sana, dada yangu. Usijilaumu. Hata sisi matabibu, kwa miaka mingi ukitaja nimonia tuliwaza bakteria kwanza. Utafiti ndio uliotugeuza, na sehemu yake ilifanyika hapa jirani, Kilifi mjini.

MWANAISHA: Pale KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba.

ATHMANI: Naam, kituo cha KEMRI na Wellcome, wafadhili wa utafiti kutoka Uingereza, kipo tangu 1989. Kulikuwa na utafiti wa nchi 7. Kenya ilishiriki kupitia Kilifi, pamoja na Gambia, Mali, Zambia, Afrika Kusini, Bangladesh na Thailand. Watoto zaidi ya 4,000 waliolazwa kwa nimonia kali. Matokeo yalitoka 2019. Kwa watoto wasio na VVU ambao picha ya kifua ilithibitisha ugonjwa, asilimia 61 hivi chanzo kilikuwa virusi, bakteria kama asilimia 27. Na kirusi kimoja tu, RSV, kilichukua asilimia 31.

MWANAISHA: Kwa hiyo ile chupa niliyonunua…

ATHMANI: Kama kilikuwa kirusi, haikukigusa. Lakini nisieleweke vibaya: nimonia ya bakteria ipo, inaua, na amoksilini ndiyo dawa yake ya kwanza. Mama aliyeandikiwa dawa ampe mtoto dozi yote. Ninachokataa ni chupa kutangulia kabla mtoto hajapimwa.

MWANAISHA: Na hao bakteria wamepunguzwa na zile sindano za paja?

ATHMANI: Sana! Hib na nimokokasi ni bakteria wawili wanaoleta nimonia. Chanjo ya Hib iliingia kliniki zetu 2001, ya nimokokasi 2011. Huko Kilifi wakafuatilia: maradhi makali ya zile aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kila nikimwona mama amepanga foleni wiki ya 6, ya 10, ya 14, namshukuru kimoyomoyo.

MWANAISHA: Sasa nieleze jambo moja. Mwanangu hakuwa akitoka nje, hata arubaini yake tulifanya humuhumu ndani. RSV ilimpata wapi?

ATHMANI: Swali hilo ndilo waliloliuliza wale watafiti. Kati ya 2009 na 2010 walichukua nyumba 47 huko Kilifi, kila nyumba ina mtoto mchanga na wakubwa zake. Mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita, kila aliyemo anachukuliwa majimaji ya puani, mgonjwa na mzima. Hebu fikiria subira ya wale akina mama! Kisha wakatazama nani alitangulia kuambukizwa. Mara nyingi alikuwa kaka au dada, wale wanaokwenda skuli.

MWANAISHA: Ya Rabbi. Dada yake alikuwa PP1, chekechea, asubuhi, jioni chuoni kwa madrasa. Alirudi na mafua, na akiingia tu anambusu mdogo wake.

ATHMANI: Na usimkataze kumpenda. Mfundishe kunawa mikono kwa sabuni kwanza, na akiwa na kamasi asimbusu usoni.

MWANAISHA: Na RSV haina chanjo?

ATHMANI: Ilichukua muda mrefu. Miaka ya 1960 Marekani walijaribu moja, ikaleta msiba: watoto waliochanjwa walipokutana na kirusi chenyewe waliugua vibaya zaidi, wawili wakafa. Kazi ikazorota miongo kadhaa. Mwaka 2013 wanasayansi wakaliona umbo la protini ya kirusi kabla hakijajipenyeza kwenye seli, na mlango ukafunguka. Mwaka 2023 Marekani na Ulaya zikaidhinisha chanjo ya mama mjamzito. Anachanjwa mama, kinga inapita kwenye kondo, mtoto anazaliwa nayo.

MWANAISHA: Miezi mitatu ile ya mwanangu ingekuwa na kinga. Naingoja siku kila mama ataikuta kliniki kama anavyoikuta ya pepopunda.

ATHMANI: Nami pia. Lakini usiku wa leo mama aliye na mtoto anayekohoa ana saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue tumbo na kifua, uhesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, zikifika 60 ni nyingi mno. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Zikifika hapo, hospitali. Na kifua cha chini kikiingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au midomo inageuka rangi, usihesabu tena, ita bodaboda hata kama ni saa nane za usiku.

MWANAISHA: Wangu sasa ana miezi 14. Tumhesabu?

ATHMANI: Mfunue polepole. Wewe shika saa… Anza.

(Kimya cha dakika moja. Feni inasikika.)

MWANAISHA: Thalathini na mbili.

ATHMANI: Na kifua hakiingii ndani. Mfunike. Akiamka mnyonyeshe, na kabla ya kulala usiku tumhesabu tena.